John Coltrane na Mwaka 1957: Mpiga Saksafoni Aliyeacha Unga Akaipata Sauti Yake

Kuna uvumi mkongwe miongoni mwa wanamuziki, uliovuka bahari na kuingia katika kila mji wenye bendi na kumbi za starehe, ya kwamba kilevi ndicho kinachofungua mlango wa ufundi, na ya kwamba mpigaji asiyeonja kitu hawezi kufika walikofika wakubwa. Uvumi huu umeua watu. Uliwaua wapigaji wa Harlem na Philadelphia kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na hata sasa unawaua vijana wa Kinondoni, Mombasa na Unguja ambao jana tuliwashangilia jukwaani na leo tunapishana nao njiani tukiona haya kuwasalimu. Nimeazimia kuukanusha hapa kwa ushahidi wa maisha ya mtu mmoja, John Coltrane, mpiga saksafoni wa Marekani, aliyekuwa mtumwa wa heroini kwa miaka kadhaa, akaiacha mwaka 1957 akiwa na umri wa miaka 30, na ambaye takriban kila kazi inayofanya jina lake litajwe leo aliifanya baada ya kuiacha.

Coltrane alizaliwa tarehe 23 Septemba 1926 katika mji mdogo wa Hamlet, North Carolina, akalelewa katika mji wa High Point, nyumbani kwa babu yake mzaa mama, mchungaji mwenye heshima kubwa katika kanisa la Kimethodisti la watu weusi. Baba yake alikuwa mshoni wa nguo, naye alipenda kupiga ala za nyuzi kwa kujiburudisha. Ilikuwa nyumba ya dini na ya nyimbo. Lakini tangu mwishoni mwa mwaka 1938, mtoto akiwa na miaka 12, mauti yalibisha hodi nyumbani humo mara kwa mara, na katika muda wa miezi michache yakamchukua baba, yakamchukua babu, yakamchukua bibi na jamaa mwingine wa karibu. Mama yake, Alice, aliyeachiwa mzigo wa kulea peke yake, alikwenda kaskazini kufanya kazi katika nyumba za watu, na kijana akabaki kwa ndugu akijishikiza kwenye klarineti na baadaye saksafoni, chombo ambacho wapenzi wa dansi kwetu wamezoea kukiita mdomo wa bata. Mimi naona kwamba mazoezi yake ya kupita kiasi, yaliyokuja kuwa hekaya midomoni mwa wenzake, yalianza katika msiba ule. Mwaka 1943 alimfuata mama yake Philadelphia, akanunuliwa saksafoni yake mwenyewe. Akatumikia jeshi la majini kwa mwaka mmoja, akapiga katika bendi ya askari huko Hawaii, kisha akarudi kusoma muziki kwa bidii na kupiga popote palipolipa.

Hapo ndipo unga ulipomkuta. Katika miaka iliyofuata Vita Vikuu vya Pili heroini ilimiminika katika mitaa ya watu weusi ya New York, Philadelphia na Chicago, na wanamuziki, ambao kazi yao ni ya usiku, safari zao ni ndefu, malipo yao yalikuwa haba, na milango ya hoteli nyingi ilifungwa mbele yao kwa sababu ya rangi ya ngozi, walikuwa karibu nayo kuliko watu wengine. Juu ya hayo palikuwa na Charlie Parker. Coltrane alimsikia jukwaani mwaka 1945, na kama wengi wa rika lake alitoka ukumbini akiwa mtu mwingine. Parker alikuwa stadi asiye na kifani, na Parker alikuwa mtumwa wa heroini. Vijana wakayaunganisha mambo hayo mawili, wakadhani kwamba wakijidunga kama yeye watapiga kama yeye. Parker mwenyewe alikanusha waziwazi, akasema kwamba mwanamuziki yeyote anayedai kupiga vizuri zaidi kwa bangi, kwa sindano au kwa pombe ni mwongo. Hawakumsikiliza, maana walikuwa wakiitazama mikono yake wala si maneno yake. Alikufa tarehe 12 Machi 1955 akiwa na miaka 34, na daktari aliyeitazama maiti yake aliikadiria kuwa ya mtu wa miaka hamsini au zaidi.

Mwaka 1954 Coltrane alikuwa katika bendi ya Johnny Hodges, mpiga saksafoni mwenye sauti tamu aliyejulikana dunia nzima kutoka okestra ya Duke Ellington, akafukuzwa kwa sababu ya unga. Mwaka uliofuata bahati ilimjia kwa namna ambayo mwanamuziki huipata mara moja katika aushi yake: Miles Davis, mpiga tarumbeta aliyekuwa akiunda kikundi kipya cha watu watano, alimwita. Alijiunga naye Septemba 1955, na mwanzoni mwa Oktoba akamwoa mwanamke Mwislamu aliyeitwa Naima, jina lenye wenyewe wengi Unguja na Mombasa, aliyekuja na binti yake mdogo, Syeeda. Ndoa ilikuwapo, kazi ilikuwapo, kiongozi mwenye jina alikuwapo, na kampuni ya santuri ilikuwa tayari kuwarekodi: katika siku mbili tu za mwaka 1956, moja ya Mei na moja ya Oktoba, kikundi kile kilirekodi nyimbo zilizotosha kujaza santuri nne. Anayezisikiliza kwa makini humsikia ndani yake mtu mwenye mawazo mengi kuliko pumzi, aanzaye jambo kubwa na kuliacha katikati, kisha kulianza tena kwa njia nyingine kana kwamba amesahau alikuwa akienda wapi.

Jukwaani alisinzia amesimama, nguo zake zikiwa zimekunjamana kama aliyelala nazo. Miles alikuwa amekwisha pita njia hiyo. Miaka michache nyuma alikuwa amejifungia katika shamba la baba yake, daktari wa meno huko Illinois, ili apambane na heroini mwilini mwake, na labda kwa sababu hiyo hakuwa na stahamala kwa mwingine aliyekuwa bado amelala humo. Amesimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyompiga Coltrane kofi na ngumi nyuma ya jukwaa, na jinsi Coltrane asivyorudisha hata neno, naye Thelonious Monk, mpiga piano, akiwapo na kuyaona yote. Monk alimwambia Coltrane kwamba mtu apigaye namna ile hana haja ya kuvumilia hayo, na kwamba akitaka aje afanye kazi kwake. Mwezi Aprili 1957 Miles alimwondoa bendini.

Akarudi Philadelphia, katika nyumba ya matofali nambari 1511 ya mtaa wa North 33rd, aliyoinunua mwaka 1952 na kuishi humo na mama yake. Asubuhi moja ya majira yale ya kuchipua, kama Naima alivyosimulia baadaye, aliamka akatangaza kwamba anaacha heroini na pombe kwa pamoja, akaomba asaidiwe. Akaingia chumbani. Hakula, aliishi kwa maji tu.

Yafaa nikae kidogo katika chumba hicho, kwa kuwa wengi wetu hulitamka neno arosto bila kujua linabeba nini. Mwili wa binadamu hujitengenezea wenyewe vitulizo vya maumivu, na heroini hukaa mahali pa vitulizo hivyo, ikiwa na nguvu mara nyingi zaidi. Mwili unapozoea kuletewa huacha kazi yake, na siku kinacholetwa kisipokuja, kila uchungu uliozuiliwa hurudi kwa mpigo. Saa chache baada ya dozi ya mwisho mtu hupiga miayo asiyoweza kuizuia, macho na pua hutoa maji, vinyweleo husimama, jasho humtoka huku akitetemeka kwa baridi. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote: tumbo humkatakata, hutapika na kuharisha, mifupa humuuma ndani kwa ndani, miguu hurusha mateke yenyewe kitandani, na usingizi, ambao ndio ungekuwa faraja pekee, haumwendei. Na linalozidi hayo yote kwa ukatili ni kwamba mgonjwa anajua kwa yakini kipo kitu kiwezacho kuyakomesha yote mara moja, anajua kinauzwa wapi na anajua bei yake. Juma moja likipita mwili huanza kutulia, lakini kiu haiishi na juma hilo. Coltrane alipita humo akiwa ameiacha na pombe pia, jambo ambalo madaktari wa leo hawamruhusu mtu kulifanya peke yake, kwa kuwa kuacha pombe ghafla, kwa aliyeizoea sana, kunaweza kuua.

Hakuwa peke yake, na hili nataka msomaji alishike kabla hatujatoka chumbani. Mama mtu mzima, aliyekwisha zika mume na wazazi katika msimu mmoja, alimpa mwanawe nafasi ya kuugua nyumbani. Mke wa miaka miwili isiyotimia, ambaye angeweza kumchukua binti yake akaenda zake na asilaumiwe na mtu, alibaki akimtunza. Hawakumpigia kelele za fedheha wala hawakumficha kama aibu ya ukoo. Tunapozungumza habari za watu walioacha unga huwa tunasifu nia ya mtu mmoja, na nia ni kitu kikubwa, lakini lau mlango wa North 33rd ungefungwa, nia ile ingelala barazani.

Coltrane alipotoka alikuwa na neno ambalo hakulitangaza kwa miaka saba. Aliamini kwamba amepata hidaya. Mjukuu wa mchungaji, mume wa Mwislamu, rafiki wa wanamuziki kadhaa wa Philadelphia na Detroit waliosilimu katika miaka ile, alikuwa ameomba chumbani mle apewe njia ya kuwafurahisha watu kwa muziki, na aliamini kwamba dua yake imejibiwa. Mwandishi wa gazeti hana mizani ya kupimia jambo hilo. Awezacho ni kuonyesha yaliyofuata, nayo yanashangaza.

Tarehe 31 Mei mwaka ule ule, katika sebule ya wazazi wa fundi mitambo Rudy Van Gelder huko Hackensack, New Jersey, ambayo siku hizo ndiyo iliyokuwa studio, Coltrane alirekodi santuri yake ya kwanza kama kiongozi. Ilikuwa ni wiki chache tu tangu kufukuzwa. Kisha ikaja ile ahadi ya Monk. Monk naye alikuwa akitoka katika dhiki ya namna yake: mwaka 1951 polisi wa New York walimkamata kwa kesi ya heroini na kumnyang'anya kadi ya ruhusa ya kufanya kazi katika kumbi zinazouza pombe, na kwa karibu miaka sita mtunzi mmoja wa wakubwa wa karne yake hakuweza kupiga katika kumbi za mji aliokulia. Kadi hiyo ilikuwa sheria ya ajabu. Billie Holiday alinyimwa, Charlie Parker alinyimwa, na wengine wengi. Mtu alikuwa mgonjwa wa unga, na dawa aliyopewa na serikali ya mji ilikuwa kumwondolea chakula chake na sababu yake ya kuamka. Mfumo huo haukufutwa mpaka mwaka 1967. Monk aliporudishiwa kadi yake mwaka 1957 alipata kazi katika Five Spot, ukumbi mdogo wa ndugu wawili wa ukoo wa Termini, na Julai ile akamweka Coltrane kando ya piano yake.

Wakakaa humo miezi kadhaa. Asubuhi Coltrane alikwenda nyumbani kwa Monk, akamwamsha, na Monk angeketi kwenye piano na kumpigia wimbo mpaka aushike, mara nyingine bila kumwonyesha karatasi ya noti ila pale aliposhindwa kabisa. Usiku Monk angepiga kidogo, kisha angeinuka akacheza dansi ya kujizungusha au akaenda kusimama mbali, na Coltrane angebaki na besi na ngoma tu, bila piano ya kumwegemeza, akipiga kwa dakika nyingi mfululizo. Hiyo ilikuwa shule. Mtu aliyekuwa akisinzia jukwaani mwezi Machi alikuwa sasa anaachiwa jukwaa zima alibebe, naye akalibeba usiku baada ya usiku, mpaka watu wakajipanga foleni nje ya mlango.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba wakati ule umetoweka pasipo kurekodiwa ipasavyo. Kumbe tarehe 29 Novemba 1957 kikundi kile kilipiga katika ukumbi wa Carnegie Hall, katika onyesho la kukusanya fedha kwa ajili ya kituo cha kijamii cha Harlem, na redio ya Sauti ya Amerika ilirekodi. Kanda zikalala bila kutambuliwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani hadi mwaka 2005, zilipogunduliwa na kutolewa kwa umma. Mpiga besi wa usiku ule ni Ahmed Abdul-Malik, ambaye wapenzi wa taarabu wangefurahi kujua kwamba alikuwa pia mpiga udi. Nimezisikiliza kanda hizo nikizipambanisha na santuri za Miles za mwaka uliotangulia, na namsihi msomaji mwenye nafasi afanye vivyo hivyo, maana hakuna hotuba dhidi ya unga iwezayo kushinda ushahidi huu. Pumzi ni ile ile na chombo ni kile kile, ila sasa kila wazo linaanzwa, linapandishwa, linageuzwa upande wa pili na kumalizwa. Noti zinatoka kwa wingi kama mvua ya masika, wala hakuna hata moja iliyopotea njia.

Mwezi Septemba 1957 alirekodi Blue Train, santuri ya nyimbo tano ambazo nne amezitunga mwenyewe. Mapema mwaka 1958 Miles alimchukua tena, na safari hii hakupata sababu ya kumlaumu. Kwa pamoja walirekodi Kind of Blue mwaka 1959, santuri ambayo huenda ndiyo inayojulikana kuliko zote katika muziki wa jazi. Katikati ya mwaka 1958 Coltrane alishiriki pia katika santuri ya Wilbur Harden iliyoitwa Tanganyika Strut. Nchi yetu ilikuwa bado miaka mitatu mbali na uhuru wake, lakini jina lake lilikuwa limekwisha fika studio za New Jersey, katika siku ambazo vijana wa Dar es Salaam na Morogoro nao walikuwa wakiziita bendi zao Jazz.

Mwaka 1959 ulipomalizika alikuwa amekamilisha Giant Steps, na ndani yake mna utungo aliouita Naima. Ningependa kuueleza kwa ukaribu, maana ndani yake naisikia shukrani yake iliyo safi kuliko zote. Besi inashikilia noti moja, inairudia na kuirudia, huku juu yake piano ikibadilisha sauti zake moja baada ya nyingine, kila badiliko likiipa noti ile ile ya chini maana nyingine. Saksafoni inaingia taratibu, inashika noti ndefu, inapanda kidogo, inashuka. Coltrane, aliyekuwa na uwezo wa kupiga kwa kasi ya ajabu, hapa hachezi hata madoido; anauimba wimbo kama ulivyo, anampisha mpiga piano ajaze katikati, anarudi kuuimba tena hadi mwisho. Wimbo mwingine wa santuri hiyo una jina la Syeeda, na mwingine una jina la Mary, binamu yake aliyeishi nao katika nyumba ya North 33rd. Aliokoka katika jamaa, na santuri iliyomfanya mashuhuri akaijaza majina ya jamaa.

Kuhusu mazoezi yake siku hizo zipo simulizi nyingi: saa nyingi mchana, kisha chumba cha nyuma ya ukumbi katikati ya onyesho, kisha nyumbani usiku, mpaka usingizi ukamchukua chombo kikiwa mikononi. Watu wengine wamesema kwamba alibadilisha uraibu mmoja kwa mwingine. Sikubaliani nao. Uraibu humpunguza mtu, humfanya kila siku kuwa mdogo kuliko jana, na hunyang'anya wanaomzunguka. Kazi ile ilimkuza, ikalisha nyumba, ikafundisha kizazi kizima cha wapigaji. Aliyekwisha acha unga hukutana na saa tupu nyingi ajabu, zile saa alizozitumia kutafuta, kuvuta na kuficha, na saa hizo zisipopata mwenyewe mpya, mwenyewe wa zamani hurudi kuzidai. Coltrane alizipa mwenyewe.

Mwaka 1964, katika nyumba yake ya Dix Hills nje ya New York, alijitenga kwa siku kadhaa katika chumba cha juu, akashuka na utungo wa sehemu nne ambao aliurekodi tarehe 9 Desemba kwa jina la A Love Supreme. Ndani ya jalada la santuri alichapisha waraka kwa wasikilizaji, na hapo ndipo alipotoboa siri ya miaka saba: akaeleza kwamba mwaka 1957, kwa rehema za Mungu, alizinduka kiroho akaanza maisha mapya yenye kujaa zaidi, akakiri pia kwamba kulikuwa na kipindi cha kuyumba baada ya hapo, na akasema kwamba santuri ile ni sadaka yake ya shukrani. Katika sehemu ya nne saksafoni inasoma. Kwenye jalada liko shairi la kumhimidi Mungu alilolitunga mwenyewe, na anayelifuata kwa kidole huku akisikiliza hugundua kwamba Coltrane analipiga neno kwa neno, silabi kwa silabi, kama msomaji wa kasida ambaye midomo yake imekuwa shaba.

Yasidhaniwe kuwa yote yalinyooka. Yeye na Naima walitengana mwaka 1963. Wenzake kadhaa aliopiga nao miaka ya unga hawakutoka salama. Na mwili una kumbukumbu yake: tarehe 17 Julai 1967, saratani ya ini ilimwua Coltrane akiwa na miaka 40, na wapo walioandika maisha yake wanaoihusisha saratani hiyo na maambukizo ya enzi za sindano. Billie Holiday alikuwa amekufa tarehe hiyo hiyo ya Julai mwaka 1959, mitaani akiwa amenyimwa kadi, na kitandani mwake hospitalini akiwa chini ya ulinzi wa polisi kwa kosa la kukutwa na dawa za kulevya. Coltrane alipata miaka kumi. Katika miaka hiyo kumi alifanya zaidi ya wanayofanya wengine katika sitini.

Wala sitaki kijana mmoja asome makala haya akajifungie chumbani na ndoo ya maji. Njia ya Coltrane ilimfaa Coltrane, na kwa kila mmoja aliyeiweza wapo wengi waliorudia unga kabla ya mwezi kwisha, na waliorudia kwa kipimo cha zamani, mwili ukiwa umekwisha kukisahau, wakafa. Mwaka ule ule wa 1957 wanamuziki wa New York walifunguliwa kliniki yao kwa msaada wa fedha za tamasha la jazi la Newport, na miongoni mwa waliowahudumia alikuwa daktari wa akili Marie Nyswander. Mwanamke huyo aliwasikiliza wagonjwa wake, akaamini kwamba hawa si wahalifu bali ni watu wenye ugonjwa, na katika miaka ya 1960, pamoja na daktari Vincent Dole, alianzisha tiba ya methadoni: dawa inywewayo mara moja kwa siku, ikazuia arosto na kupunguza kiu bila kumlewesha mtu aliyeizoea, akaweza kuamka na kwenda kazini. Hiyo ndiyo tiba iliyofika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Februari 2011, Tanzania ikiwa ya kwanza katika bara kusini mwa Sahara kuianzisha katika huduma za umma. Ikaenea Mwananyamala na Temeke, na miaka michache baadaye Kenya ikaanza nayo, Nairobi kwanza, kisha Malindi na Mombasa. Unguja nako nyumba za upataji nafuu zimekuwapo kwa miaka mingi, zikiendeshwa kwa sehemu kubwa na watu waliopita wenyewe katika unga.

Kwa hiyo dawa ipo, na katika kliniki za serikali za Tanzania hutolewa bila malipo. Kinachopungua kwetu ni kile alichokuwa nacho Coltrane baada ya chumba, yaani kiti kilichomngojea. Mwanamuziki wetu anayekwenda kunywa methadoni yake kila asubuhi hukuta nafasi yake bendini imekwisha jazwa na mwingine, mwenye ukumbi hataki kumwona, redio inamtaja kwa kicheko, na jamaa wanampa nauli ya kwenda kliniki huku wameficha kila kitu chenye thamani. Nawaomba viongozi wa bendi, wa dansi na wa taarabu na wa muziki wa kizazi kipya, wenye studio na wenye vipindi vya redio: anapokuja mtu aliyeanza tiba, mwiteni mazoezini. Msimpe fedha mkononi kama mnaogopa. Mpeni chombo, mpeni sehemu yake katika wimbo, na mpangeni saa ya kufika. Na ninyi wenye mgonjwa nyumbani, mpelekeni kliniki wiki hii, nendeni naye ninyi wenyewe siku ya kwanza, na mkirudi mwacheni apige mazoezi yake hata kama majirani watalalamika.